Siku tivii ilipoanza na timu mbili

ZUHURA: Haya jamani karibuni tena, mimi Zuhura, na huyu hapa Mdoe leo kaja na daftari kabisa, sijui kaota nini.

MDOE: Hahaa, nimekesha dada'angu. Leo sitaki historia ndefu, nataka siku moja tu, Jumatatu tarehe 2 Novemba 1936, London. Ndo siku BBC walifungua rasmi tivii yao.

ZUHURA: Mwaka 1936! Mimi nilijua tivii ni mambo ya baada ya vita.

MDOE: Wengi wanadhani hivo. Kuna jumba kubwa la zamani kaskazini mwa London, liko juu ya kilima, linaitwa Alexandra Palace, wenyewe wanaliita Ally Pally. BBC wakachukua kona moja ya hilo jumba, wakasimamisha mnara juu yake, ndani wakatengeneza studio mbili. Sasa niulize kwa nini mbili.

ZUHURA: Kwa nini mbili?

MDOE: Kwa sababu kulikuwa na timu mbili, na serikali ilikuwa haijaamua nani achukue kombe. Huku kampuni ya Baird, mistari 240 kwenye picha, huku Marconi-EMI, mistari 405. Mistari ikizidi picha inakuwa safi zaidi, si unajua. Wakaambiwa mtapokezana, wiki hii wewe wiki ijayo mwenzio, watu waangalie halafu tutaamua.

ZUHURA: Ngoja, Baird huyu si ndo yule Mskoti anayesemwa baba wa tivii?

MDOE: Huyohuyo, John Logie Baird. Januari 1926 aliwaita wanasayansi kwenye kachumba kake pale Soho, London, akawaonyesha sura ya mtu inayotembea hewani. Sifa zake anastahili, simnyimi. Ila siku ya ufunguzi... aisee.

ZUHURA: Ushaanza kumwonea mzee wa watu.

MDOE: Subiri. Nani atangulie? Wakarusha shilingi, nadhani tuseme hivo japo yao haikuwa shilingi ya huku, Baird akashinda. Saa 9 mchana mtangazaji Leslie Mitchell akatokea kufungua, wakaja wakubwa kuhutubia, mwenyekiti wa BBC, Postamasta Mkuu maana matangazo yote yalikuwa chini ya posta. Wakamaliza hotuba zao vizuri. Halafu wakaambiwa rudieni.

ZUHURA: Warudie nini?

MDOE: Hotuba! Zilezile, kwa mitambo ya EMI. Maana kila timu lazima ipate ufunguzi wake, asije mtu akalalamika kapendelewa mwenzake.

ZUHURA: Hahahaa! Kama harusi ya ndugu wawili, mgeni rasmi anakula pilau mara mbili. Kwa hiyo Postamasta kavaa suti anasema "leo ni mara ya kwanza" kwa mara ya pili.

MDOE: Sijui alisema maneno gani ila ndo hivo hivo haha. Baada ya hapo burudani, akaja Adele Dixon akaimba wimbo unaosifia tivii yenyewe, kuna Wachina wanaorusha vitu juu na kuvidaka, kuna okestra, na kuna Buck na Bubbles, Wamarekani weusi wawili, mmoja piano mmoja anagonga viatu sakafuni, yaani siku ya kwanza kabisa ya tivii ya Uingereza watu weusi wamo.

ZUHURA: Hiyo nimeipenda, na huwa haisemwi sana.

MDOE: Haisemwi. Kisha saa 10 jioni, kimya. Skrini tupu mpaka saa 3 usiku.

ZUHURA: Masaa matano hakuna kitu?

MDOE: Hakuna. Lisaa limoja mchana, lisaa limoja usiku, basi, na Jumapili mwanzoni walikuwa hawarushi kabisa. Usiku ule wakaleta kipindi kinaitwa Picture Page. Kuna dada anaitwa Joan Miller kakaa mbele ya ile swichibodi ya simu ya zamani, anachomeka waya, kama vile anakuunganishia simu, halafu anatokea mgeni wa kuhojiwa. Kachomoa, kachomeka kwingine, mgeni mwingine.

ZUHURA: Hiyo mbona ni akili nzuri sana, hata leo ungefanya.

MDOE: Ndo nakwambia. Ila sasa turudi kwa Baird maana hapa ndo nilikesha. Kamera yake kubwa ya studio ilikuwa haitoi picha moja kwa moja. Ilikuwa inapiga filamu, filamu inashuka kwenye tangi la dawa hapohapo, ndani yake kuna sayanaidi...

ZUHURA: Sayanaidi ya sumu?

MDOE: Ya sumu! Inasafishwa, na ikiwa bado imeloa inasomwa na mtambo, ndo inarushwa hewani. Kama dakika moja hivi imepita. Yaani mtu ameshamaliza kuimba anajifuta jasho, nyumbani ndo kwanza anafungua mdomo. Na sauti nayo ilikuwa inapita kwenye filamu hiyohiyo majini, sasa fikiria sauti ikitoka majini inakuwaje. Na kamera yenyewe haisogei, imefungiwa kwenye kibanda cha vioo, we msanii ndo ujipange mbele yake.

ZUHURA: Na watangazaji je, wanasoma habari hivohivo?

MDOE: Hao walikuwa na kachumba kingine, giza totoro, mwanga mmoja unakimbia usoni mwako kwa kasi. Karatasi huioni, kila kitu ukariri. Huku wenzao wa EMI, timu ya bwana Isaac Shoenberg, wana kamera ya umeme mtupu inaitwa Emitron, unaisukuma kwenye magurudumu unaenda nayo unapotaka, picha inatoka papo hapo.

ZUHURA: Hapo mechi imeisha.

MDOE: Imeisha. Na mkosi juu ya mkosi, tarehe 30 Novemba, mwezi haujaisha, jumba la Crystal Palace likaungua, na maabara za Baird zilikuwa humo. Februari 1937 wanabaki EMI peke yao.

ZUHURA: Masikini. Mi bado namhurumia, yeye ndo kahangaika miaka yote. Ila niambie wanaoangalia ni kina nani hasa?

MDOE: Siku ile ni seti mia chache tu, London na pembeni yake. Seti ilikuwa kama pauni 100, na mwaka ule kwa pauni 100 unanunua gari dogo jipya la Ford.

ZUHURA: Khaa! Gari au tivii ya masaa mawili kwa siku.

MDOE: Na seti zenyewe, we unakumbuka tivii ya chogo?

ZUHURA: Nimekulia nayo bana, kwa jirani, tunakaa chini kwenye mkeka tumebanana, ukikohoa unafukuzwa.

MDOE: Sasa chogo la kwao lilikuwa refu mpaka haliwezi kulala kwenye kabati, ingebidi kabati litoboe ukuta. Wakalisimamisha wima, kioo cha picha kinaangalia dari. Juu wakaweka mfuniko una kioo cha kujitazamia, unaufungua nusu, unakaa kwenye kochi unaangalia picha kwenye kioo.

ZUHURA: Kwa hiyo hawaangalii tivii, wanaangalia kivuli chake kwenye kioo. Kama unasuka nywele saluni.

MDOE: Hahaha kabisa. Na kitu kinachoniuma, ya siku ile hakuna rekodi. Walikuwa hawana namna ya kurekodi matangazo, kilichobaki ni filamu za maonyesho na picha za mnato.

ZUHURA: Basi mimi namaliza na uchokozi. Hiyo mistari 405 ya EMI ilizimwa lini?

MDOE: Utacheka. Januari 1985.

ZUHURA: 1985! Zanzibar walikuwa na tivii ya rangi tangu 1973!

MDOE: Kuwa mkweli, Waingereza walishaanza rangi 1967 kwenye BBC2, hiyo ya 405 ilibaki kwa wenye seti za zamani tu.

ZUHURA: Sijakusikia, hapa mtandao unakatakata.

MDOE: Hahaa, haya bana. Wiki ijayo basi.