Hamira gani kwa mkate wa kumimina? Msitizame nchi, tizameni aina

Asalaam alaykum jamani, hamjambo nyote, wa Unguja na wa Pemba. Leo nina suali moja ambalo mnaniuliza kila siku kwenye meseji, "dada tuletee hamira ya huko Uingereza, ya huku haiumui mkate wa kumimina vizuri", yaani ule mkate wetu wa mchele na tui, na nakwambieni mapema kabisa, mie sibebi hamira kuja nayo nyumbani na sio roho mbaya, ni kwa sababu hamira nzuri ipo hapo hapo sokoni Darajani, tatizo watu wanatizama pakiti imetoka nchi gani badala ya kutizama ni hamira ya aina gani.

Haya tizameni hapa mezani. Hii ya kwanza ni ya chengachenga, vipunje vikubwa kidogo, huku inauzwa kwenye vikopo vya gramu 125. Hii lazima uiroweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu na sukari chembe, dakika kumi, ifanye povu, kwa sababu kila kipunje kimevikwa ganda la hamira iliyokufa na ile hai iko ndani, usipoiroweka haitoki vizuri. Ya pili hii laini kama mchanga ndo instanti, hii unamwaga moja kwa moja. Ya tatu hamira mbichi, kipande kama siagi, mie naipata kwenye maduka ya Wapolandi, inakaa kwenye friji na haidumu.

Sasa kubadilisha moja kwa nyengine ndo watu wanapokosea, wanapima kijiko kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chai cha instanti ni kama gramu 3, ukitumia ile ya chengachenga weka kijiko kimoja na robo, ikiwa mbichi basi gramu 10. Kwa vikombe viwili vya mchele kijiko hicho kimoja cha instanti kinatosha kabisa, ukizidisha mkate unanuka hamira na iliki yote inapotea.

Halafu jamani, sukari. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mkate wetu wa kumimina una sukari nyingi kuliko boflo la ngano, nyingi mno, pengine kikombe kizima kwa vikombe viwili vya mchele, na sukari inavuta maji kutoka ndani ya hamira, ikikosa maji inalegea haifanyi kazi. Ndo maana bibi zetu wengi mchele wanausaga na tui na hamira na iliki tu, wanauacha uumuke kwanza, sukari inaingia mwisho pamoja na ute wa yai. Hakuna aliyewafundisha kemia, lakini walivyofanya ni sahihi mia kwa mia na mie nawavulia kofia. Ukifuata njia hiyo hamira yoyote ya kawaida inakutosha. Ila kama kwenu mnatia sukari toka mwanzo kwenye blenda, na najua wapo wengi, basi hapo ndo ubadilishe hamira, utafute ile iliyotengenezwa kwa ajili ya unga uliotiwa sukari nyingi. Kwa mfano Saf-instant zipo za rangi mbili, nyekundu ni ya mikate ya kawaida, ya dhahabu ndo ya vitu vitamu. Kampuni moja, pakiti karibu sawa, kazi tofauti.

Dada mmoja wa Wete kaniuliza akikosa hamira aweke baking poda. Hapana shoga yangu. Baking poda inatoa hewa yake kwa dakika chache tu, haikai saa nzima ikaula mchele taratibu, kwa hiyo ile harufu na ile ladha ya uchachu kidogo hupati, unapata keki ya mchele. Na nyie mlioko huku ughaibuni, zile hamira za vidonge na za vipande vya njano kwenye maduka ya vyakula vya afya msichukue, zile zimeshauliwa kwa moto, ni za kula kama virutubisho, haziumui kitu.

Na hili la halali, maana linakuja kila mara, watu wanasema hamira ni mabaki ya bia. Zamani kweli waokaji wa Ulaya walikuwa wakichukua hamira kwa watengeneza bia, lakini hii ya pakiti leo inakuzwa kiwandani kwenye molasi huku inapulizwa hewa, izaliane tu. Hata zile bia za lager zinatumia hamira ya aina nyengine kabisa, inapenda baridi ya nyuzi 10 hivi, jikoni kwenu Mkunazini isingefurahi. Mie ninachokitizama kwenye pakiti ni kile kiambato E491, kinawekwa kwenye instanti nyingi, na mafuta yake yanaweza kuwa ya mmea au ya mnyama, kwa hiyo natafuta pakiti yenye alama ya kuwa inawafaa wasiokula nyama, naridhika.

Baridi sasa. Huku jikoni kwangu wakati wa baridi ni nyuzi 18, mkate unaoumuka kwenu kwa saa moja huku unaweza kuchukua hata saa tatu, na tui la kopo linatoka kabatini limeganda. Instanti ukiimwagia tui la baridi inapoteza nguvu papo hapo, pasheni tui kwanza liwe vuguvugu, ukitia kidole usione moto wala baridi, lisichemke maana likipita nyuzi 55 hamira inaanza kufa. Mie naweka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, chini yake trei ya maji ya moto. Na ukishaumuka msiuache ukasahaulika, mchele hauna ule mnato wa ngano wa kushika hewa, ukipitiliza unaanguka na haunyanyuki tena.

Mnaponunua dukani bonyezeni pakiti, iwe ngumu kama tofali, ikiwa laini hewa imeshaingia hiyo, wekeni chini. Ya kupimiwa kwenye vifuko siipendi, hujui imefunguliwa lini. Nyumbani itieni kwenye chupa yenye kifuniko, ndani ya friji, na kama imekaa sana ijaribuni kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, dakika kumi bila povu itupeni kabla hamjaharibu mchele na nazi.

Niandikieni hapo chini, kwenu sukari inaingia mwanzo au mwisho?