Mbona unalipa mtu akutembeze jangwani? Najibu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nina swali moja tu, maana kila nikiweka picha ya jangwa la Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, linarudi lile lile: "Dada, jangwa si liko wazi, unalipa mtu akutembeze wapi?" Chini yake wa pili anaandika, "Ameanza kujionyesha." Wa tatu: "Kama pesa inakuuma, si urudi nyumbani." Haya. Sijionyeshi wala silii. Nataka ujue unalipia nini.

Ile si hifadhi tu ya serikali ya Marekani. Ni nchi ya Wanavajo, wenyewe wanajiita Diné, kama kilomita za mraba 71,000 ndani ya Arizona, Utah na New Mexico, na serikali yao iko Window Rock. Kichaka unachokiona kitupu ni malisho ya kondoo wa familia fulani. Sisi ambao Kilimanjaro hatumruhusu mgeni apande bila mwongozaji, hapa tunashangaa nini?

Sasa pesa. Ile kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa za Marekani, kwenye mbuga za Wanavajo haikusaidii kitu. Monument Valley, mbuga yao ya miamba mirefu, ni dola 8 kwa kichwa kwa siku. Zamani ilikuwa dola 20 kwa gari la watu wanne, na bei hiyo bado inazunguka mtandaoni, kwa hiyo usifike getini ukagombana na watu. Na kiingilio hicho kinakupa njia moja tu ya kujitembelea kwa miguu, Wildcat, kilomita sita na kitu kuuzunguka mwamba wa West Mitten. Mystery Valley na Hunts Mesa, kule kusiko na misururu ya magari, lazima uwe na mwongozaji.

Kwa anayekimbia watu, mimi ningemwelekeza Canyon de Chelly, korongo lililoko pale Chinle. Huu ni mtazamo wangu, wewe una mfuko wako. Kiingilio hakuna. Imekuwa chini ya uangalizi wa serikali ya Marekani tangu 1931, lakini ardhi ni ya Wanavajo na kuna familia zinazolima huko chini mpaka leo. Kushuka korongoni unahitaji mwongozaji Mnavajo mwenye leseni. Njia ya White House ndiyo pekee watu walikuwa wakijishukia, nayo ilifungwa, kwa hiyo uliza kabla.

Waongozaji wengi wanalipisha kwa saa. Mkiwa wanne mnagawana, ukiwa peke yako inauma. Kabla hujatuma hata senti, uliza: bei ni ya kundi au ya kichwa? Kibali kimo humo au nakilipia kando? Mvua ikinyesha pesa yangu inarudi? Jibu liwe la maandishi. Halafu beba keshi. Tipu ya asilimia 15 hadi 20 huku inahesabiwa kama sehemu ya bei. Siipendi, lakini ndivyo ilivyo.

Kinachowaharibia watu wanaotoka Phoenix, mji mkuu wa Arizona, ni saa. Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, Wanavajo wanabadilisha. Kuanzia Machi hadi Novemba, saa mbili asubuhi Chinle ni saa moja Phoenix. Ukifuata saa ya Phoenix umechelewa saa nzima, na saa uliyolipia inakwenda.

Maji: lita nne kwa mtu kwa siku, toka nayo mjini. Ukiona kinu cha upepo na tangi, hayo ni ya mifugo, usinywe. Migodi ya urani iliyoachwa kwenye nchi ile ni zaidi ya 500, na baadhi ya visima vina urani na aseniki. Na usinywe maji matupu kutwa nzima huku unatoka jasho. Chumvi inapungua mwilini, kichwa kinagonga, unataka kutapika, halafu unaongeza maji ukidhani ni kiu. Beba karanga za chumvi.

Viatu viwe vyepesi na soli inayoshika jiwe. Baadhi ya njia zina vishimo vya vidole vilivyochongwa kwenye mwamba na watu wa kale. Unashuka umeutazama ukuta, mguu mmoja baada ya mwingine, na ukianza na mguu usio sahihi unajikuta umekwama katikati. Mchanga wa chini korongoni, theluji ikiyeyuka, unazamisha mguu mpaka gotini. Julai hadi Septemba mvua inanyesha mbali, juu yako jua, na maji yanakuja. Agosti 1997 watu 11 walikufa hivyo kwenye korongo la Antelope Canyon, hukohuko kwa Wanavajo. Mwongozaji akisema tunageuka, geuka, usianze hesabu ya saa ulizolipia.

Pombe marufuku karibu nchi nzima ile. Vigae vya vyungu unaviacha vilipolala. Droni hairuhusiwi, mtu humpigi picha bila kumwomba, na kurekodi kwa biashara kuna kibali chake cha peke yake. Kwa hiyo wanaoandika "picha tu kila siku, video iko wapi," mmejibiwa.