Pini Isiyo na Kutu

Wakubwa zangu shikamooni, na vijana wa Ngamiani hamjambo. Nimeombwa niseme jinsi kamati za Bunge zinavyoisimamia Serikali. Nitasema nilichokiona nikiwa mhasibu wa halmashauri, yaani upande wa wanaofokewa.

Kufokewa hakuumi. Mbunge anapiga meza, kipande cha video kinazunguka kwenye simu, jioni tunakula mihogo. Kinachouma ni sauti ya upole ikisema: "Leteni hati ya malipo."

Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, kisha ikafikishwa bungeni. Za wizara huchambuliwa na PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali; za halmashauri na LAAC, kamati ya hesabu za serikali za mitaa. Pigeni hesabu: fedha iliyolipwa Julai mosi inasomwa kwenye ripoti baada ya miezi 21! Aliyesaini keshahamishwa. Aliyepo anasimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nina miezi minne tu kituoni." Kamati inayojua kazi yake haibabaiki, maana anayehojiwa ni ofisi, na ofisi haihamishwi.

Sasa ile ya pini. Mwaka mmoja tulidaiwa viambatisho vya malipo ya ujenzi wa choo cha shule. Wakaguzi walipokuja havikuonekana; siku ya kikao vikaonekana, vimepangwa vizuri mno. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, hakusoma hata tarakimu. Akapitisha kidole kwenye pini ya stepla, akauliza: "Hapa kwenu si pwani?" Tukaitikia. "Karatasi za miaka miwili, na hewa hii ya chumvi, pini inang'aa hivi?" Mkuu wangu akaomba maji. Hoja ya ukaguzi haikufungwa siku ile, wala mwaka uliofuata.

Ndiyo maana nacheka nikisikia watu wakishangilia hati safi ya mkaguzi. Hati safi inasema vitabu vimeandikwa inavyotakiwa na havipotoshi kwa kiasi kikubwa. Haisemi choo kina mlango. Choo unakwenda kukiangalia mwenyewe, na kamati nazo hutembelea miradi, ingawa zikija na msafara mrefu hata rangi huwahi kupakwa.

Diwani wenu akija kuwasomea mapato na matumizi, muulizeni hoja za mwaka juzi zilizobaki wazi ni ngapi, na zinamsubiri nani.

Karibuni maswali. Mzee pale nyuma kanyoosha mkono tangu nilipotaja pini.