Kuusoma Mji wa Lamu kwa Miguu, Kutoka Ngomeni Hadi Shela

Assalaam alaykum. Wazee wetu, mabibi na mabwana, na nyinyi wageni mliovuka maji, karibuni. Mada tuliyopewa ni namna ya kuutembea mji huu wenyewe, bila mtembeza wageni. Watembeza wageni waliomo humu ukumbini wasininunie: mtu akishaujua mji kidogo, maswali yake huwa mazuri zaidi, na kesho yake huwatafuta.

Nianze na kosa linalofanywa na takriban kila anayeshuka gatini. Hutembea mbele ya bahari kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, hupiga picha za majahazi na nyumba zenye roshani, kisha husema ameiona Lamu. Alichokiona ni sehemu changa kuliko zote za mji mkongwe. Safu ile ya mbele, na barabara iliyo chini yake, imekaa juu ya ardhi iliyojazwa. Ngome ilipojengwa, maji yalikuwa yakifika karibu nayo. Kwa hiyo Lamu husomwa kwa kuipa bahari mgongo. Unaanzia ngomeni, unapanda ndani, na mbele ya bahari unaiacha mwisho.

Mji wenyewe si mkubwa. Eneo la kale lililoandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001 ni hekta 16 hivi, ila vichochoro vyake vinaweza kukuzungusha asubuhi nzima. Ramani ya simu haisaidii sana. Kuta ndefu zilizobanana huizuia isione mbingu, na alama yako huruka nyumba mbili tatu, ukaambiwa uko njia ambayo hujaikanyaga. Tumieni ardhi. Mji umekaa upande wa mashariki wa kisiwa, umeegemea mwinuko, uso wake unakitazama kisiwa cha Manda. Njia ziendazo magharibi hupanda, ziendazo mashariki huteremka, na mitaro ya wazi iliyo kando ya njia humwaga maji baharini. Ukipotea, na utapotea, fuata maji ya mtaro. Mtaro ukiwa mkavu, tafuta msikiti. Makka iko kaskazini yetu, imechepuka kidogo tu magharibi, hivyo ukuta wa kibla hukuonyesha kaskazini. Hata ukiwa nje, mara nyingi utauona mgongo wa mihrabu umetokeza ukutani.

Uti wa mgongo wa mji ni Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka iliyo sambamba na pwani, nyuma ya safu ya mbele. Kaskazini yake ni Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe. Kusini ni Langoni, uliokua baadaye. Kila ukirudi kwenye usita huu, umejua uliko.

Chukua maji lita moja na nusu. Vaa viatu vilivyofungwa nyuma, kwani ndara zikilowa mtaroni huteleza juu ya chokaa. Nguo zifunike mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake. Ukisikia "Simile!", yaani pisha njia, nyuma yako, usigeuke kutazama kwanza. Jibanze ukutani, upande usio na mtaro. Punda mwenyewe hana neno, ila mzigo wa mawe au mchanga hutokeza mbavuni pande zote mbili, na katika kichochoro cha mita moja na nusu mzigo huo ndio utakaokukwaruza. Usijifiche kwenye kizingiti cha mlango wa watu pia, kwani mlango unaweza kufunguliwa.

Sasa tuanze. Fika Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, mapema, kabla jua halijaujaza. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, kwa msaada wa Sayyid Said wa Oman, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Mazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate katika vita vya Shela. Tutavirudia tukifika huko. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1910, na ikabaki gereza hadi 1984, ndipo ikaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Panda juu ya kuta kabla ya jambo jingine lolote. Kutoka pale unaona mapaa ya Mkomani na ya Langoni kwa pamoja, na unajua mapema njia zako zitapita wapi. Makumbusho kwa kawaida hufungua saa mbili unusu asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni. Viingilio vya raia, mkazi na mgeni wa nje havilingani, basi kitambulisho kiwe mfukoni.

Kando ya ngome kuna Msikiti wa Pwani. Una maandishi yenye mwaka unaolingana na 1370. Ni msikiti, si makumbusho. Asiye Mwislamu autazame kwa nje, na hata Mwislamu asiingie na kamera begani wakati watu wanaswali.

Ofisi ya zamani ya posta ya Wajerumani, nayo iko Usita wa Mui, inakutosha kwa robo saa. Ilifanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891, siku ambazo Wajerumani walikuwa na himaya yao Witu, kule bara, na Lamu ndiyo bandari yao ya kutokea. Mapatano ya 1890 na Uingereza yaliwaondoa Witu, na posta ikafungwa.

Muda wenu uwekeni Mkomani. Acheni usita, kateni kushoto mkipanda, na mwende polepole, maana hapa kila ukuta una la kusema. Majumba mengi mnayoyaona ni ya karne ya 18, Lamu ilipokuwa imeneemeka. Mbele ya mlango utakuta daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba hupokea wageni wasiohitaji kuingia. Ukichoka, mtolee salamu aliyeketi ndipo ukae. Ukilikuta tupu, pumzika kidogo uendelee. Mlango ukiwa wazi bado huoni ndani, kwa sababu njia ya kuingilia hupinda kabla ya kufika kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba. Juu ya kichwa chako utaona wikio, kile chumba kilichovuka njia kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake wapite bila kushuka barabarani. Na kichochoro kinachoishia kwenye daka moja tu ni cha wenyewe. Geuka urudi.

Simama penye ukuta uliobanduka lipu, uutazame kwa karibu. Ndani kuna mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Matumbawe yaliyotoka majini ni laini na hukatwa kwa urahisi, kisha hukauka yakawa magumu. Jiwe gumu la kuchimbwa huletwa kutoka Manda. Tazama dari ukipata nafasi: boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu. Boriti ya mkoko haiendi zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda, ndiyo sababu vyumba vyote vya Lamu ni virefu na vyembamba. Chumba kinaweza kurefushwa atakavyo mwenye nyumba, lakini upana wake umeamuliwa na mkoko.

Hapo hapo mtaona na ugonjwa wa nyumba hizi. Tafuteni pahali palipopigwa saruji ya kijivu juu ya ukuta wa zamani. Matumbawe hunyonya unyevu na chumvi. Chokaa huuachia unyevu utoke nje, saruji huuzuia. Chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, jiwe linamung'unyuka, na baada ya misimu kadhaa ya mvua bamba zima hudondoka na uso wa ukuta. Fundi aliyetumia saruji alitaka kuokoa pesa, na nyumba ndiyo iliyolipa. Hatari nyingine iko juu. Paa likivuja, ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza kwanza, ambapo hakuna anayeziona, na dari hushuka ghafla. Msiingie gofu lolote kupiga picha, hata likionekana imara.

Ili mwone nyumba nzima iliyotengenezwa vizuri, ingieni Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili, humohumo Mkomani. Kiwanda kiko wazi kwa juu, kisha vyumba hupangana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa cha siri zaidi, hadi kufikia "ndani" penye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya lipu yenye nakshi. Kaa dakika tano kimya mbele ya zidaka hizo. Mwanga wote unatoka kiwandani, nyuma yako, na vivuli ndivyo vinavyoichora nakshi ya lipu. Anayewasha tochi ya simu huifuta kazi yote ya fundi.

Adhuhuri maduka mengi hufungwa, hasa siku ya Ijumaa, na jua huwa kali. Kuleni, mpumzike. Baada ya alasiri nyumba za mbele hutia kivuli barabarani, na hapo ndipo mbele ya bahari pana raha. Picha za nyumba zenyewe, hata hivyo, ni za asubuhi, jua likitokea Manda. Ingieni Makumbusho ya Lamu, jengo la mwishoni mwa karne ya 19 walilokaa maofisa wa Kiingereza, na ulizieni habari za siwa, yale mabaragumu ya enzi: ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba. Kituo cha kutibu punda, kilichofunguliwa 1987, kiko huku huku mbele. Langoni, pandeni hadi Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh aliyetoka Ngazija. Mfunguo sita, wakati wa Maulidi, mtaa huo hufurika watu, na mwenye kutaka utulivu achague mwezi mwingine.

Limebaki la Shela, kilomita tatu kusini kwa kufuata ufuo, dakika arubaini na tano. Hapa mwalimu ni mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makuu: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Siku hizo nendeni Shela asubuhi na mji muutembee alasiri. Mwezi ukiwa nusu, maji hupwa karibu saa kumi alasiri, basi geuzeni ratiba. Kati ya hapo ongezeni dakika hamsini kwa kila siku. Ondokeni Langoni, mkipita hospitali ya King Fahd, saa nzima kabla ya maji kupwa kabisa. Anayetoka maji yakijaa bamvua hujikuta amebanwa ukutani, maji yamfika magotini.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyowaponza Mazrui. Wahadithiaji wa mji husema majahazi yao yalikwama mchangani maji yalipotoka, wakakosa pa kukimbilia. Pale kijijini tazameni Msikiti wa Ijumaa wa 1829, mnara wake umechongoka kama pia. Machuguu ya mchanga nyuma ya ufuo msiyapande ovyo wala kutupa taka humo, kwani ndiyo yanayochuja maji matamu ya visima vya Lamu.

Kurudi, pandeni mashua. Pataneni bei kabla ya mguu kuingia chomboni, mtaje idadi ya watu na pahali pa kushukia, kwa sababu nauli ya hadi gatini si sawa na ya kuteremkia Langoni. Na muwe mmeondoka kabla ya magharibi.

Nakaribisha maswali, tukianza na wazee.