Wanaume Kumi wa Nini?

Asante, mwenyekiti. Kwenye ratiba mmeandika kwamba nitazungumzia kuhamisha mashine nzito: kusafirisha, kushusha, kuingiza, sakafu, umeme na kusawazisha. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka. Basi tuanze na linalonikera, mengine yatapata nafasi yakijaliwa.

Mtu kanunua kerezo, ile mashine inayozungusha chuma kikachongwa kwa kisu, ya tani 1. Imeshushwa mbele ya gereji ya nyumbani kwake. Cha kwanza anachofanya ni kupiga simu: "Njooni, nahitaji wanaume kumi." Ndugu zangu, wanaume kumi wa nini?

Nilialikwa nikaione kazi hiyo. Nikakuta vijana wameizunguka mashine kama wabeba jeneza, kila mmoja kashika alipopaona. Wawili wameikamata ile skrubu ndefu ya mbele inayosukuma kisu, kitu ambacho kikipinda kidogo tu, ndiyo kwaheri ya kukata nyuzi za skrubu sawasawa. Msimamizi akahesabu moja, mbili, tatu. Upande mmoja ukapanda, mwingine ukabaki. Sasa, kerezo ina kichwa kizito chenye giya, kipo juu na kipo upande mmoja, na kitako chake ni chembamba kutoka mbele hadi nyuma. Ikaanza kuinama. Wale vijana wakataka kuidaka! Nikapaza sauti: "Achieni! Kimbieni!" Wakaachia. Ikalala ubavu, gurudumu moja la mkono likavunjika. Mwenye mashine alininunia mpaka jioni, eti ningewaacha wangeiokoa. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vya watu.

Najua mtaniambia: mwalimu, tani 1 kwa watu kumi si kilo 100 tu kila mmoja? Kwanza, wewe unayesema "tu", njoo uinue kilo 100 ukiwa umeinama, mgongo umepinda, huoni unapokanyaga. Pili, mzigo haugawanyiki hivyo. Mrefu anabeba zaidi ya mfupi, na wa upande wa kichwa anabeba zaidi ya wote. Mmoja akiteleza, fungu lake linawaangukia wenzake papo hapo, hata kabla hawajajua kuna aliyeteleza.

Badala ya hao kumi, chukueni mtaimbo wa sentimita 150, ncha yake iingie chini ya mashine. Chini ya mtaimbo wekeni kigingi cha chuma cha kuuegemeza, sentimita 5 kutoka nchani. Upande wa mkono unabaki na sentimita 145, yaani mara 29. Ukikandamiza kwa kilo 25, ncha inainua zaidi ya kilo 700. Na hamuinui mashine nzima, mnainua upande wake mmoja! Mtu mmoja anatosha, hata bibi mwenye subira. Inue sentimita 1, mwenzako asukumie ubao chini kwa kijiti, si kwa vidole. Nenda upande wa pili wa mashine. Rudi. Mashine isikae hewani hata dakika moja bila mbao chini yake, maana mtaimbo huteleza.

Ikishapata nafasi, ingizeni mabomba ya chuma ya kipenyo cha sentimita 3 au 4. Kuna wanaopenda mabomba manene, eti yanabingirika vizuri. Yanabingirika, ndiyo, na mashine ikishuka kwenye bomba nene inashuka kimo chote hicho, kwa upande mmoja. Nyembamba! Kugeuza njia, gonga bomba la mbele kwa nyundo likae mshazari, mashine itafuata. Taratibu hii inachosha watazamaji, na ndivyo inavyotakiwa. Mkiona watu wanashangilia, kuna hatari.

Ehe, muda. Mteremko: ukipanda mita 1 kwa kila mita 10, tani 1 inavuta kurudi chini kwa karibu kilo 100. Winchi mbele, kamba ya pili nyuma, na mtu asisimame upande wa chini wala kwenye mstari wa kamba iliyokazwa. Kreni ndogo ya kutolea injini: ile tani iliyoandikwa ni ya mkono ukiwa umefupishwa, ukirefushwa uwezo unashuka sana, someni maandishi ya kwenye mkono wenyewe. Minyororo miwili ya kuning'inizia mzigo ikilala mpaka pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa, kila mmoja unabeba uzito wa mzigo mzima, kwa hiyo isimamisheni. Umeme: mashine nyingi za viwandani zina mota ya fezi 3, yaani inayotaka nyaya tatu zenye umeme, na nyumbani mara nyingi mna fezi 1. Hilo ni la kuuliza kabla ya kulipa. Sakafu na kusawazisha, nimeishiwa muda.

Ndiyo, ndugu wa nyuma? Hapana, jeki ya gari haifai. Kitako chake ni kidogo, na inaanzia juu mno kuingia chini ya mashine. Tafuta jeki yenye ulimi wa chini kabisa, na mbao zako ziwe tayari kabla hujaigusa.