Mtendaji Aliyefichwa na Kielezi Kinachomfichua: Vielezi Katika Kauli ya Kutendwa ya Kiingereza

Walimu wenzangu, wanafunzi, na wengine mliokuja kwa hiari yenu kusikiliza sarufi jioni hii, karibuni.

Ubaoni kuna sentensi mbili. Ya kwanza: "The window was deliberately broken." Ya pili: "The window broke deliberately." Ya kwanza haina tatizo. Ya pili inachekesha, maana inalipatia dirisha akili na nia. Anayezungumza Kiswahili analiona hili haraka kuliko wanafunzi wengi wa lugha nyingine. Dirisha likivunjwa kwa makusudi, tunamtafuta aliyelivunja. Tukisema limevunjika kwa makusudi, sentensi imeharibika, kwa sababu kauli ya kutendeka haina mtu nyuma yake. Kiingereza hakina kiambishi cha -w- wala cha -ik-, lakini tofauti hiyo kinayo, na mara nyingi anayeionyesha ni kielezi.

Tulikaririshwa shuleni kwamba kauli ya kutendwa humwondoa mtendaji. Mimi nasema anaondolewa jina tu. Ukiandika "The money was moved", msomaji anaweza asijali ni nani. Ukiandika "The money was secretly moved", tayari kuna mtu, na mtu huyo alijificha. Hukumtaja, hukuweka "by" yoyote, lakini kielezi kimeeleza tabia yake. Carefully, illegally, deliberately, reluctantly: vyote hivi vinahitaji mwenye uangalifu, mwenye kosa, mwenye nia, mwenye kusitasita. Ndiyo maana mtu anayeandika ripoti akidhani kauli ya kutendwa itamkinga asimlaumu yeyote, halafu akachomeka carelessly, ameshalaumu.

Sasa, kielezi hicho kinakaa wapi?

Kitenzi cha Kiswahili katika kauli ya kutendwa ni neno moja. "Imeandikwa" haina ufa wa kupenyeza kitu, kwa hiyo kielezi hufuata nyuma: barua imeandikwa vibaya. Kiingereza hutumia maneno mawili au zaidi, kitenzi kisaidizi "be" na umbo la tatu la kitenzi kikuu, lile la written, done, broken. Katikati yake pana nafasi, na kielezi cha namna hupendelea kukaa hapo hapo: "The letter was badly written." Wengi wetu tutaandika "The letter was written badly." Si kosa. Mwingereza ataelewa, na kuna wakati yeye mwenyewe atasema hivyo akitaka mkazo wote uangukie kwenye ubovu. Lakini mpangilio wa kawaida, hasa kielezi kinapotoa tathmini ya kazi iliyofanywa, ni ule wa katikati: well designed, poorly paid, badly treated, beautifully made.

Kinachowachanganya wanafunzi ni kwamba katika kauli ya kutenda mambo ni kinyume. "He wrote the letter badly" ni sawa. "He badly wrote the letter" haisemwi. "She played the part well" ni sawa. "She well played the part" haisemwi. Geuza sentensi hizo ziwe za kutendwa, na kielezi kinaruka kutoka mkiani na kutangulia kitenzi kikuu: "The letter was badly written", "The part was well played." Kwa hiyo mwanafunzi aliyeshika vizuri kanuni ya kauli ya kutenda ndiye anayekosea akifika hapa. Anahamisha kiima na yambwa kama alivyofundishwa, na kielezi anakiacha palepale kilipokuwa.

Vitenzi visaidizi vikiongezeka, angalieni mgawanyo wa kazi. "The bridge has been badly damaged." Kielezi cha namna kimeng'ang'ania umbo la tatu, "has badly been damaged" inakwaruza sikio. Baadhi ya vielezi vya wakati na vile vya kurudiarudia hukaa mbele zaidi, baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza: "The bridge has never been repaired." Na vyote viwili vinaweza kukaa katika sentensi moja, kila kimoja mahali pake: "The bridge has recently been badly damaged." Ukitaka zoezi moja tu la kuwapa wanafunzi wiki nzima, wape sentensi ya aina hiyo na vielezi viwili vilivyotolewa nje, wavirudishe.

Kwa wale wanaoogopa kuitenga "to" na kitenzi chake, poleni kwa hofu isiyo na sababu. Katika "The contract needs to be carefully read" hakuna kilichotengwa. "To be" imebaki nzima, na carefully imekaa baada yake.

Kuna vielezi vifupi visivyo na -ly ambavyo kwa kawaida havitaki kukaa katikati: hard, fast, late. "The car was hit hard." "The workers were paid late." Mwanafunzi mwenye bidii, akijua kwamba vielezi vingi huishia na -ly na kwamba mahali pake ni katikati, ataandika "The workers were hardly paid." Sentensi hiyo ni Kiingereza safi, ila inasema kwamba wafanyakazi hawakulipwa kitu cha maana. Na "were lately paid" itaeleweka kuwa walilipwa hivi karibuni, wala haisemi kwamba walicheleweshewa. Well ni fupi vilevile, lakini yenyewe inakubali kutangulia. Hapa hakuna ujanja wa kanuni. Ni kuyajua maneno yenyewe.

Nirudi kwa yule mtendaji aliyefichwa, kwa sababu mambo yanakuwa magumu pale ambapo watu wawili wanagombea kielezi kimoja. "The patient was willingly examined by the doctor." Nani alikuwa radhi, mgonjwa au daktari? Sentensi haisemi. Mwanaisimu Ray Jackendoff aliliandikia suala hili mwaka 1972, na wanaisimu wameendelea kulijadili tangu hapo, kwa sababu linaonyesha kwamba kugeuza kauli kunaweza kubadili maana hata kama matukio ni yale yale. Katika "The doctor willingly examined the patient" hakuna utata: aliye radhi ni daktari. Katika kauli ya kutendwa, mgonjwa amekalia kiti cha kiima, na kielezi cha nia kina mazoea ya kukitazama kiima. Ukikisogeza mbele, "The patient willingly was examined", kinaelemea kwa mgonjwa. Ukikirudisha nyuma, "was examined willingly by the doctor", kinaelemea kwa daktari. Katikati hakielemei popote.

Ushauri wangu ni kutohangaika na kukisogeza. Andika "The patient agreed to be examined", au rudi kwenye kauli ya kutenda. Mwandishi anayetegemea mahali pa willingly kubeba maana nzito, hasa katika hati ya ridhaa ya matibabu, anacheza kamari. Carefully haina tatizo hili, maana mgonjwa hana namna ya kuchunguzwa kwa uangalifu wake mwenyewe. Uangalifu utakwenda kwa daktari tu.

Ukanushaji nao uangaliwe. "She was not deliberately misled" inakana makusudi. Huenda alipotoshwa, ila kwa bahati mbaya. "She was deliberately not told" inathibitisha makusudi: walikaa wakaamua asiambiwe. Neno "not" likitangulia kielezi linakifunika, likikifuata linakiacha huru.

Kuna sentensi za kutendwa ambazo bila kielezi hazisimami. Jaribuni "The letter was worded." Msikilizaji anasubiri. Ilikuwaje? "The letter was carefully worded" ndiyo inayokamilika. Wanaisimu Jane Grimshaw na Sten Vikner mwaka 1993 walionyesha kwamba hata "This house was built" peke yake ina upungufu. Mimi naona ni kwa kuwa kila nyumba imejengwa na hujanipa habari. Ongeza yesterday, ongeza badly, au umtaje aliyeijenga, na sentensi inapata sababu ya kusemwa.

Mmoja wenu ameniletea swali kwenye karatasi: kwa nini tunasema "very worried" lakini hatusemi "very destroyed"? Kwa sababu worried imekwishakuwa kivumishi, inaeleza hali ya mtu, na hali hiyo ina viwango. Destroyed inaeleza tendo lililofika mwisho wake, kwa hiyo inataka completely. Mpaka huu wa hali na tendo upo pia katika "The gate was closed", ambayo ina maana mbili. "The gate was quickly closed" ni tendo, mtu alilifunga. "The gate was still closed" ni hali, ulilikuta hivyo. Kielezi kimoja tu kimeamua.

Sitakaa sana kwenye jozi zilizozoeana: strictly prohibited, highly recommended, widely believed, seriously injured, heavily armed. Hizo zishikwe mbili mbili. "Strongly prohibited" itaeleweka, lakini itasikika ngeni.

Nimalizie na neno linalopendwa na vyombo vya habari, allegedly, yaani "inadaiwa". "The man was allegedly arrested for stealing a car." Kwa jinsi ilivyoandikwa, kinachotiliwa shaka ni kukamatwa. Lakini kukamatwa kuna polisi walioshuhudia na rekodi ya kituoni. Ambalo halijathibitishwa ni wizi. Kwa hiyo: "The man was arrested for allegedly stealing a car." Hapa kielezi kimeiacha kabisa ile nafasi ya katikati niliyoisifia tangu mwanzo, na kimefanya vizuri, kwa sababu mwenye kustahili kulindwa na neno hilo ni mshukiwa. Sentensi ya kwanza inamwita mwizi, halafu inajiuliza kama alikamatwa. Reportedly ni habari nyingine: "The man was reportedly arrested" ni sahihi, iwapo mwandishi amesikia tu kwamba amekamatwa na bado hajapata uthibitisho wa polisi.