Dawa anameza, sasa tumfundishe kudai chenji

Shikamooni wazee, habari zenu wengine, asanteni kwa kuja, najua kuna waliotoka mpaka Himo na Marangu.

Leo tusiongee sana kuhusu dawa za skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, tuongee jinsi ya kumfundisha mgonjwa wetu kukaa na watu. Dawa asiache mtu, iwe vidonge iwe ile sindano ya kila mwezi. Ila dawa inatuliza zile sauti na yale mawazo kwamba watu wanamfuatilia, haimrudishii uwezo wa kukaa na watu. Skizofrenia mara nyingi inaanza ujanani, umri ambao wenzake wanajifunza kazi, wanatongoza, wanabishana bei pale Mbuyuni, yeye yuko ndani anaumwa, halafu akipata nafuu akatoka tunaanza mbona haongei, mbona hamwangalii mtu usoni, basi tunamwita mvivu. Sio uvivu jamani! Ugonjwa wenyewe unakula hamu na maneno, na hapo dawa tulizonazo hazisaidii sana.

Kwahiyo inabidi afundishwe. Marekani kina Robert Liberman, daktari wa magonjwa ya akili, walikuwa wanafanya hivi tangu miaka ya 1970, na kazi yenyewe haihitaji mashine wala nini. Unachukua jambo moja dogo, unalikata vipande. Mfano konda kabaki na chenji yake. Mwangalie konda, sema ulitoa shingapi, sema naomba chenji yangu, subiri. Basi. Kwanza mimi naigiza yeye anaangalia, halafu anaigiza yeye, tunamwambia kwanza alichofanya vizuri, manake hawa watu wameshasemwa vya kutosha, ndo tunamwambia kitu kimoja tu cha kurekebisha, labda sauti iko chini, anarudia. Akitoka hapo anapewa homuweki, kesho akapande daladala kweli, akadai kweli.

Mwaka 2008 watafiti wawili, Kurtz na Mueser, walikusanya tafiti 22 za mazoezi haya, wakakuta stadi zinapanda vizuri, maisha ya kila siku yanaboreka kiasi, ila kurudi kuumwa kunapungua kidogo tu. Ndo maana nimesema dawa asiache.

Sasa ugumu uko nyumbani. Kijana kajifunza kusema "mama, ukinigombeza mbele za watu naumia, naomba tuongee wawili", anafika anasema, mama anajibu "umeanza tena kuchanganyikiwa?" Mazoezi ya mwezi mzima yanaishia hapo mlangoni. Na mangi wa dukani nawe, kijana akija kununua sukari usimuulize dada yake anataka nini wakati mwenyewe kasimama mbele yako, muulize yeye, na akichelewa kujibu msubiri, hata kama kuna foleni, maneno yanakuja ila yanakuja taratibu.

Naona kina mama mnaguna huko nyuma, najua kusubiri ni kazi na mmechoka, mmelea mgonjwa miaka na hakuna aliyewauliza nyie mkoje. Ila hili nalo linafanyiwa mazoezi. Naomba mmoja aje hapa mbele awe yule kijana, mwingine awe mama, tuanze na hayo maneno ya kugombezwa.